Mdomo wa Samaki kwenye Mteremko wa Barla

Mengia Derungs alikuwa na ugonjwa mmoja tu ambao daktari wa bonde hakuwahi kuutibu: alipenda kujua. Wenzake shuleni walipoambiwa theluji huyeyuka kuanzia juu, waliandika kwenye daftari wakaenda kucheza. Yeye aliuliza, je, haiwezi kuanzia chini? Mwalimu alimwambia akae. Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, magoti yakimlilia kila apandapo ngazi, na bado kila asubuhi saa kumi na mbili alitoka nyumbani kwake kijijini Crestas na ufito wake wenye alama, kipimajoto kikining'inia shingoni, akaenda kuichokoza theluji.

Kazi ya kupima theluji aliirithi kwa baba yake, Giachen. Unapima kina, unapima joto, unafinya theluji kiganjani uone kama inashikana au inatoa maji, kisha unapiga simu mjini kuwaeleza wakubwa. Basi. Ila Mengia aliongeza mambo yake mwenyewe. Alichemsha bitiruti, akatia maji yake mekundu kwenye chupa, akayamwaga juu ya theluji, halafu akachimba pembeni kutazama yalivyoshuka. Siku nyingine yalishuka wima. Siku nyingine yalikutana na tabaka gumu yakatambaa kando. Wapita njia waliokuta theluji imetapakaa wekundu walidhani kuna mtu kachinjwa, na Padre Vigeli aliwahi kufanya ishara ya msalaba kabla hajaambiwa kuwa ni mboga.

Mwisho wa Machi, siku ya Jumapili, Barla Tuor alifariki. Alikuwa na miaka tisini na moja, na alikufa kitandani mwake baada ya kunywa kikombe cha kahawa na kulalamika kuwa ni nyepesi. Maziko yakapangwa Jumatano asubuhi.

Sasa, mtu wa Crestas akifa, hapandishwi gari. Hubebwa mabegani kutoka nyumbani kwake hadi kanisa la Sontga Onna kule chini, mwendo wa saa nzima, watu wote nyuma yake wakisali rozari. Nusu ya njia kuna msalaba wa mbao. Hapo jeneza hushushwa, wabebaji hubadilishana, na watu husimama kimya mpaka fungu zima la rozari liishe. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini msalaba uliwekwa pale pale chini ya mteremko mkali kuliko yote, ule ambao kila mtu aliuita mteremko wa Barla.

Jumatatu na Jumanne ilinyesha mvua ya uvuguvugu, mvua juu ya theluji, na upepo wa joto kutoka kusini ukavuma hata paa zikatiririka mchana kutwa. Lakini usiku wa kuamkia Jumatano mawingu yaliondoka na baridi ikarudi. Watu walilala wamefurahi. Crestas walikuwa na kipimo chao kisichohitaji ufito wala kipimajoto: ukikanyaga theluji alfajiri na buti lisizame, njia ni yako mpaka saa tano. Baada ya saa tano jua hulainisha ganda la juu na miteremko huanza kushusha mizigo yake. Kipimo hicho kilikuwa kimewalinda miaka na miaka, na mimi sicheki kipimo kilicholinda watu.

Mengia alikanyaga. Buti halikuzama. Akaruka, magoti yakamtukana, na ganda likabeba. Alikuwa karibu kurudi ndani akavae nguo zake nyeusi alipoinua darubini, kwa mazoea tu, akauangalia mteremko wa Barla.

Juu kabisa, chini ya miamba, kulikuwa na mstari wa hudhurungi uliopinda, mpana kama kanisa. Jana haukuwepo.

Wapimaji huuita ufa wa namna hiyo mdomo wa samaki. Theluji yote ya mteremko, kuanzia juu hadi kwenye udongo, inakuwa imeanza kuteleza polepole, kama shuka linavyoteremka kitandani, na pale ilipoachia, ardhi inaonekana. Wazee wa Crestas waliupenda mdomo wa samaki. Walisema theluji imepumua, imeshamaliza hasira. Mengia mwenyewe hakujua kama ni kweli. Midomo mingine aliyoiona ilikaa wazi mpaka Mei, theluji ikayeyuka pale pale kwa amani. Mingine ilikaa wazi siku moja na kila kitu kikashuka. Hakuna aliyeweza kumwambia ipi ni ipi, hata wakubwa wa mjini, na jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko kahawa.

Isitoshe, alikuwa na deni la aibu. Mwaka juzi mdomo ulifunguka mahali pale pale. Akasisitiza njia ifungwe, ikafungwa siku tatu, na hakikushuka hata kijiko cha theluji. Gari la maziwa halikuweza kupanda. Luregn, mwana wa Barla, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alimwaga lita elfu moja na zaidi mtaroni. Tangu siku hiyo watu walipomwona Mengia na chupa yake nyekundu walimuuliza kama leo theluji inataka juisi.

Aliingia jikoni, akashusha madaftari ya baba yake na yake mwenyewe, majira ya baridi arobaini na manne, akayatandaza mezani kati ya mkate na siagi. Mteremko mwingine, wa Clavau, ulikuwa na midomo karibu kila mwaka wa pili. Wa Barla? Akafunua, akafunua. Miaka ya mvua nyingi kuliko hii, hakuna. Miaka ya theluji ya kufika madirishani, hakuna. Kisha ghafla, majira saba yaliyopita, mmoja. Halafu mwingine. Halafu ule wa mwaka juzi, na huu wa leo. Mlima haukuhama, miamba ni ile ile. Alikaa na kidole chake kwenye daftari mpaka kahawa ikapoa. Ni nini kilichobadilika?

Njia ilikuwa ikifungwa kwa neno la watu wawili kati ya watatu: Mengia, Clau aliyekuwa fundi wa barabara na mwenye ufunguo wa kizuizi kule chini, na wa tatu, kwa bahati yake mbaya, Luregn mwenyewe. Akampigia Clau.

"Shangazi Mengia, ganda linabeba?"

"Linabeba."

"Umeruka?"

"Nimeruka, Clau. Ila kuna mdomo kwa Barla."

Sauti za watu zilisikika nyuma ya Clau. Watu wa kule chini walikuwa wameanza kutayarisha kanisa na Padre.

"Shangazi, mimi nakuheshimu, unajua," Clau alisema. "Lakini leo jamaa anamzika mama yake. Mimi siwezi kumwambia mtu maneno hayo kwenye simu. Ukimpata Luregn akikubali, na mimi nimo."

"Yaani unanisukumia mimi."

"Wewe umeshazoea kuchukiwa, shangazi."

Luregn alikuwa kibarazani kwake amevaa suti nyeusi, akipambana na tai. Walisoma darasa moja na Mengia, na tangu enzi hizo hakumwonea haya kwa maneno.

"Usiniambie," alisema kabla Mengia hajafika.

"Bado sijasema kitu."

"Una sura ile ile ya mwaka juzi. Nilimwaga maziwa ng'ombe wakinitazama, Mengia. Leo unataka nimwage mama yangu?"

"Nataka uje nami mara moja. Pale kwenye miti, ukingoni. Hatukanyagi katikati."

"Na suti hii?"

"Badilisha viatu tu."

"Jeneza linatoka saa tatu."

"Sasa ni saa moja kasoro. Nionyeshe kuwa nimekosea, nami nitarudi nivae nguo zangu, na sitakusumbua tena mpaka nife."

Luregn alimtazama. Kila mtu bondeni angelipia kusikia ahadi hiyo. Akavua viatu vya kanisani, akavaa buti za zizini, akachukua koleo.

Walipanda kwa kufuata ukingo wa misonobari, ambako theluji ilikuwa imeshikwa na mashina. Luregn alitangulia kwa hatua za hasira, ganda likilia chini ya buti zake bila kuvunjika, na kila baada ya hatua kumi aligeuka. "Inabeba," alisema. "Sikia. Inabeba. Hii ni saruji."

"Nasikia."

"Basi tunafanya nini hapa?"

"Tunatazama chini yake."

Pale miti ilipoisha Mengia alisimama, akapiga koleo. Ganda lilitoa mlio kama ubao, na kwa kweli moyo wake ulishuka. Alichimba. Luregn alisimama mikono mfukoni, tai ikipeperuka, mpaka alipoona magoti ya Mengia yanatetemeka akamnyang'anya koleo na kuchimba mwenyewe, maana hasira ni hasira lakini adabu ni adabu. Sentimita thelathini, theluji ngumu. Sitini, theluji ya chembe chembe kama sukari ya mawe. Kwenye mita moja koleo likaanza kutoa mlio wa kufyonza. Luregn aliinama, akachota konzi, akafinya. Maji yalimchuruzika mpaka ndani ya mkono wa suti.

"Haya, lakini juu pameganda," alisema, kwa sauti iliyopungua kidogo.

"Juu pameganda. Chini hapajui kama usiku kulikuwa na baridi."

Akatoa chupa. Akamimina maji ya bitiruti taratibu kwenye sakafu ya shimo. Wote wawili walitazama. Wekundu haukuzama ardhini wala haukutuama. Uliteleza kuelekea bondeni, ukaingia chini ya theluji ya katikati ya mteremko, haraka, ukapotea.

Mengia alipiga magoti, akasahau kabisa kuwa yanauma. Aliingiza mkono pale wekundu ulipopotelea, akapapasa, akavuta. Akatoka na majani. Yalikuwa ya kahawia, marefu kupita kiganja mara mbili, na yote yamelala upande mmoja, yakitazama bonde, laini na yenye utelezi kama nywele zilizopakwa mafuta zikachanwa. Akavuta tena mahali pengine, na Luregn naye akaingiza mkono wa suti mpaka kwenye kiwiko katika wekundu ule, akavuta yake. Ni hivyo hivyo.

"Ni majani!" alisema. "Luregn, ni majani! Baba aliandika miaka yote hakuna mdomo hapa, kwa sababu hapa palikuwa panakatwa. Majani mafupi yanasimama, yanaishika theluji. Marefu yanalala, theluji inateleza juu yake. Siku zote hizi natazama mawingu, kumbe ningetazama chini!"

Alikuwa na furaha. Siwezi kuficha: alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota ufunguo alioutafuta maisha yake yote, na alicheka kwa sauti pale shimoni, siku ya maziko ya jirani yake. Kisha akamwona Luregn usoni, na kicheko kikamkauka.

Kila mtu alijua nani aliyekata majani yale. Kila Agosti Barla alifunga vyuma vya meno chini ya viatu, akapanda na fyekeo lake la mpini mrefu mahali ambapo mashine ingepinduka na mbuzi angefikiria mara mbili, akakata mteremko wote mstari kwa mstari, peke yake, siku sita au saba. Nyasi alizopata zingetosha ng'ombe mmoja siku chache. Watu walimcheka. Walisema anapenda kazi kuliko Paradiso. Alipoacha, walidhani hatimaye uzee umemtia akili.

"Aliacha lini?" Mengia aliuliza polepole, ingawa daftari lilikuwa limeshamjibu.

"Majira ya joto manane yaliyopita," alisema Luregn. Alichukua majani kutoka mkononi mwa Mengia, akayageuza, akayatazama muda mrefu kuliko majani yanavyostahili. Halafu akatupa koleo begani na kuanza kushuka.

Walipofika nyumbani kwa Luregn, saa mbili ilikuwa imepita. Ukumbi ulijaa ndugu waliolala pale tangu jana na majirani wote wa Crestas, makoti yamefungwa, rozari mkononi. Jeneza lilikuwa kwenye vigoda viwili. Wabebaji sita walisimama kando yake. Luregn aliingia na buti zake za matope, mkono wa suti umelowa wekundu mpaka kwenye kiwiko, na shemeji yake wa kutoka mjini akapiga yowe.

"Ni mboga," alisema Luregn. "Sikilizeni. Hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Kanisani. Mama atalala hapa leo."

Kelele zikazuka. Shemeji alisema Padre anangoja, wageni wametoka mbali, na marehemu hawekwi nyumbani kama fanicha. Mbebaji mmoja alisema yeye amekanyaga theluji alfajiri na inabeba hata fahali. Mwingine alimtupia jicho Mengia aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Naona juisi imefanya kazi." Wachache wakacheka, na Mengia akahisi masikio yanawaka moto.

Luregn alitoa simu.

"Clau, funga."

"Kabisa kabisa?"

"Clau. Funga kizuizi, asipite hata paka."

Ukawa muda mbaya. Mengia, mjane wa watu, alikaa pembeni, karibu na jiko, akapewa kahawa na kipande cha mkate wa karanga na mtu asiyemtazama usoni. Aliijua sayansi yake. Alijua kuwa mdomo wa samaki unaweza kukaa wazi mpaka Mei, na kwamba kesho na kesho kutwa watu wale wataupita barabarani wakimtazama yeye, na hadithi itakuwa: Mengia alimzuia hata marehemu. Saa tatu ilipiga. Jeneza lingekuwa linatoka mlangoni sasa. Saa tatu na robo, wangekuwa kwenye kona ya kwanza. Nje jua lilikuwa linang'aa vizuri ajabu, theluji imekaza, siku nzuri ya kutembea. Akajikuta anamwomba Mungu theluji ishuke, akaona haya, akaomba isishuke, kisha akaona haya tena na kuacha kuomba.

Saa tatu na dakika thelathini na tano ilikuja sauti. Haikuwa mlipuko. Ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, lakini lori lisilokwisha kokoto, na ilikuja pole pole, nzito, mpaka vikombe vikaanza kugongana mezani. Hakuna aliyesogea. Ilipokoma, wote walitoka nje wakakimbia mpaka kwenye ukingo wa zizi, pale njia inapoonekana.

Njia haikuwepo. Kutoka miambani hadi mtoni mteremko ulikuwa uchi, wa kahawia, unang'aa maji. Chini yake kulikuwa na rundo chafu la theluji, udongo na majani, refu kuliko nyumba, na lilikuwa bado linasogea kidogo kidogo kwenye kingo zake. Msalaba ulikuwa chini yake, hata ncha haikuonekana. Mtu mmoja alianza kuhesabu kwa sauti dakika za kutoka nyumbani hadi msalabani, akafika ishirini na tano, akaongeza za fungu la rozari, akatazama saa yake, akavua kofia.

Simu ya Luregn ililia. Ilikuwa Clau, anapumua kama aliyepanda mlima. "Wahesabu watu wako," alisema. "Mimi nimeshahesabu wangu, wote wapo. Wahesabu, niambie." Luregn alihesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mara mbili. Wote walikuwepo.

Ndipo watu walipomgeukia Mengia. Walimkumbatia, shemeji wa mjini akamlilia begani, na mbebaji yule wa juisi alimshika mikono yote miwili. Mengia alisema tu, "Ni majani, si mimi," na hakuna aliyemwelewa. Alipojinasua aliangalia huku na huku. Luregn hakuwepo.

Alimkuta ukumbini, amekaa kwenye kigoda karibu na jeneza, mkono wake mwekundu juu ya kifuniko. Mengia alikaa kando yake. Nje watu walikuwa wameanza kuzungumza wote kwa pamoja.

"Umewaokoa," Luregn alisema.

"Wewe ndiye uliyewazuia."

Alitikisa kichwa. "Unadhani mama aliacha kwa uzee?"

Mengia, ambaye hakuwahi kushindwa na swali, hakuuliza.

"Watu walikuwa wananicheka," alisema Luregn. "Mwenye ng'ombe wote hawa, na mama yake wa miaka themanini na tatu ananing'inia mlimani anakata nyasi. Wageni wanampiga picha. Nikachukua fyekeo lake nikalifungia ghalani. Alinifuata siku nzima, Mengia, zizini, jikoni, kila mahali. Anasema, nipe, mwanangu, ule mteremko unanijua. Ananiomba, yeye mama yangu. Nikamwambia, kapumzike."